Mashine Iko Voi, Kazi Inachapwa Nairobi

Mtu akitaka kujua Voi ina maduka mangapi ya kupiga chapa, na ahesabu mabango barabarani. Akitaka kujua ni kazi kiasi gani inachapwa Voi kweli, na asubiri mabasi ya usiku yanayotoka Nairobi yasimame alfajiri. Pamoja na abiria hushuka maboksi madogo mazito yaliyozungushiwa utepe wa kahawia: vitabu vya risiti, kalenda, kadi za wanachama wa sacco, fomu za ripoti za shule. Anayeyapokea si mteja. Ni mwenye duka wa hapa hapa mjini, aliyechukua oda Jumatatu, akaituma mtaa wa River Road, Nairobi, kwa simu, akaongeza chake juu ya bei, na sasa anakwenda kubandika stika yake kwenye boksi.

Hakuna ubaya katika biashara hiyo. Uwakala ni kazi halali. Swali ni kwa nini duka lenye mashine tatu au nne, na vijana wawili wanaoijua kazi, ligeuke wakala wa duka lililo kilomita 330 mbali. Jibu la haraka ni kwamba hatuna mashine za maana. Wenye maduka hulisema, wateja hulirudia, na kila mwenye akiba kidogo hukimbilia kununua mashine nyingine. Mimi nalikataa jibu hilo. Mashine za kazi ndogo ndogo Voi inazo za kuitosha. Kilichopungua ni yale yanayoizunguka mashine: stima ya kutegemewa, karatasi iliyotunzwa, kisu kikali, fundi wa karibu, na mteja anayelipa kwa wakati. Na kimepungua kingine ambacho ni vigumu zaidi kukiona, nacho ni jirani wa kugawana naye kazi.

Kaunti hii ya Taita Taveta haikuanza kupiga chapa jana. Mwaka 1895, hata kabla kazi ya kutandika reli haijaanza Mombasa mwaka 1896, misheni ya Kianglikana ya CMS huko Taveta ilikuwa inatoa gazeti lake, Taveta Chronicle, ambalo huhesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa katika nchi iitwayo leo Kenya. Lilikuwa la Kiingereza, la wasomaji wachache, na halikuvuka sana mwanzo wa karne ya 20. Lakini ifikirie shughuli yenyewe: kila kilichohitajiwa na kazi hiyo kutoka ng'ambo kilipanda kutoka pwani kwa misafara ya wapagazi, kikavuka nyika ya Taru isiyo na maji. Mwaka 1902 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alianzisha The African Standard mjini Mombasa, na kufikia 1910 gazeti hilo lilikuwa limehamia Nairobi, likiufuata mji uliokuwa umefanywa makao ya serikali. Mvuto ule haujalegea tangu hapo. Hata taifa lenyewe huvutwa: karatasi za kura za Kenya zilichapwa Uingereza mwaka 2013, Dubai mwaka 2017 na Ugiriki mwaka 2022, ingawa hapa nyumbani mashine za ofseti hazikuwa zimekwisha.

Ili kuelewa kinachowapata wapiga chapa wa Voi, tuanze na mteja. Taita Taveta ni kaunti ya watu 340,671 kwa sensa ya 2019, na zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Watu wamesongamana milimani Wundanyi, wakatawanyika Mwatate, Voi na Taveta, na katikati ni vichaka, ndovu na mashamba ya mkonge. Soko la namna hiyo haliagizi nakala 10,000. Shule inataka fomu 400. Kanisa linataka kadi 150 za mchango. Hoteli ya mbugani inataka menyu 30 zilizopakwa plastiki. Kikundi cha akina mama kinataka vitabu sita vya stakabadhi. Familia inataka nakala 200 za programu ya mazishi, na inazitaka kesho.

Sasa ilete mashine ya ofseti mbele ya soko hilo. Inayojulikana sana katika maduka madogo ya Afrika Mashariki ni Heidelberg GTO, ya Kijerumani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1972, chuma kitupu, mashine ambayo ikitunzwa humzika mwenyewe. Ikiwa katika hali nzuri hutoa hadi karatasi 8,000 kwa saa. Fomu 400 za ile shule ni kazi ya dakika tatu tu. Lakini kabla ya dakika hizo tatu lazima pleti itengenezwe, rola zioshwe, wino upakwe, maji na wino vipatanishwe, na karatasi 50 hadi 100 ziharibike mpaka rangi itulie na mistari ikae mahali pake. Kwa kazi ya nakala 10,000, karatasi 100 za kuharibu si kitu. Kwa kazi ya nakala 400 ni sawa na robo ya kazi yenyewe. Na kama mashine ni ya rangi moja, picha ya rangi zote lazima ipite mara nne, na kila mara rola zioshwe upya.

Hapo ndipo River Road inapotushinda, na haitushindi kwa upya wa mashine. Mchapaji wa kule huchukua kadi za biashara za wateja 20, akazipanga kwenye karatasi moja kubwa, akazichapa kwa mkupuo mmoja. Kila mteja analipia kipande tu cha pleti. Halafu hana haja ya kumiliki kila kitu. Mlango wa pili kuna anayetengeneza pleti tu. Juu ghorofani kuna anayekata tu. Nyuma kuna mwenye mashine ya kupiga namba na kutoboa mistari ya kuchania, naye hafanyi lingine mchana kutwa. Mtaa mzima ni kiwanda kimoja chenye wenyewe wengi. Voi kila duka linajaribu kuwa mtaa mzima peke yake: lina kompyuta ya usanifu, mashine ya rangi, ya mabango, ya fulana, ya vikombe, ya kupaka plastiki. Zote hulala nusu ya wiki, na zote zinadaiwa na benki wiki nzima.

Mashine za dijitali zilipoingia tulidhani zimemaliza ugomvi huo, kwa sababu hazitaki pleti na nakala ya kwanza hutoka safi kama ya mia. Ni kweli zimeokoa kazi ndogo. Lakini nyingi zinazofika miji kama yetu ni zile tunazoziita ex-UK, mashine za ofisi zilizomaliza mkataba wake Ulaya, zikafutwa vumbi na kupakiwa kwenye kontena. Bei yake huvutia. Mwenye duka hupiga hesabu ya tona na karatasi, akaona faida kwa kila ukurasa, akafurahi. Ambacho hakukiweka kwenye hesabu ni vile vinavyochakaa kimya kimya: dramu, fyuza, mkanda wa kuhamishia rangi, rola za kuvutia karatasi. Kila kimoja kina umri wake wa kurasa, na mashine iliyotumika huja na sehemu kubwa ya umri huo imeshaliwa.

Dalili zenyewe husomeka kirahisi ukizizoea. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini ni dramu iliyokwaruzwa au waya wa chaji uliochafuka. Doa linalorudi kila baada ya umbali ule ule ni kovu kwenye dramu au rola, na ukipima umbali huo kwa rula utajua ni ipi, kwa kuwa kila moja ina mzunguko wake. Wino unaofutika kwa kidole ni fyuza isiyopata joto la kutosha, au karatasi nzito iliyopitishwa kwa mpangilio wa karatasi nyepesi. Kijana wa duka anayeyajua haya matatu humwokolea mwajiri wake safari nyingi za fundi. Asiyeyajua hubadilisha katriji ya tona, kisha nyingine, na doa liko pale pale.

Mashine za mabango na za fulana zina tabia nyingine kabisa, na hapo ndipo nimeona pesa nyingi zikipotea. Mashine ya bango hutumia wino wenye kiyeyushi unaokauka haraka, na vichwa vya kunyunyizia vyenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Mashine hiyo haipendi kupumzika. Ikikaa siku nne bila kazi na bila kusafishwa, wino hukauka ndani ya matundu, na kichwa kimoja kipya chaweza kula faida ya mabango ya miezi. Zile za fulana zenye wino mweupe ni mbaya zaidi: rangi ile nyeupe ni chembe nzito za madini, zisipotikiswa au kuzungushwa kila siku hutuama chini na kuziba mirija. Mashine za namna hii zilitengenezewa duka linalochapa kila siku. Sisi tunazinunua kwa ajili ya msimu wa michezo ya shule na kampeni, halafu tunashangaa Januari zikikataa kuamka.

Kisha kuna hewa ya Voi, ambayo hakuna muuzaji wa mashine anayeitaja. Mji uko kwenye tambarare ya mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya vuli na masika joto hukaza, hewa hukauka, na upepo huinua ule udongo mwekundu unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Udongo huo huo huingia dukani. Chembe moja ikitua kwenye blanketi ya ofseti hutoa kidoa kilichozungukwa na duara jeupe, na kidoa hicho hujirudia kwenye kila nakala mpaka mashine isimamishwe na kufutwa. Kwenye mashine ya dijitali vumbi hukaa juu ya kioo na kwenye waya wa chaji, likaleta ile mistari niliyoitaja. Duka linalotazama barabara kuu na kuacha mlango wazi ili wateja waone mashine linajitangaza na kujiharibia kwa wakati mmoja.

Karatasi nayo hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Viwanda huipenda ikae katika hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Rimu iliyotoka ghala la Mombasa, kwenye hewa nzito ya bahari, ikifunguliwa Voi mwezi Februari hukauka kwa kuanzia kingoni. Kingo husinyaa kabla ya katikati, karatasi ikajikunja, na ule umeme wa mkwaruzo ukazigandisha mbili mbili zikiingia mashinani. Mwenye duka hulaani mashine. Panda Wundanyi, zaidi ya mita 1,300, wakati ukungu umeshuka, na mambo hugeuka: kingo hunywa unyevu, zikavimba na kuwa na mawimbi, na rangi ya pili haikai tena juu ya ya kwanza. Dawa yake haigharimu chochote. Rimu isifunguliwe mpaka saa ya kuitumia. Ikifika kutoka Mombasa ilale siku nzima ndani ya kifungashio chake, juu ya mbao na si juu ya sakafu ya saruji. Iliyobaki irudishwe kwenye kifungashio ikazibwe. Maduka mengi huweka karatasi wazi juu ya kabati ili zionekane ni nyingi.

Maji pia yana neno, kwa wale wachache wenye ofseti. Mashine hiyo huchapa kwa uhasama wa maji na mafuta, na maji ya kisima yenye chumvi huacha tabaka gumu juu ya rola mpaka zikakataa kushika wino. Lita 20 za maji yaliyoondolewa chumvi zinatosha kazi nyingi. Basi.

Tukija kwa stima, kila Mkenya ana kisa chake. Nchi nzima iliingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, ikarudia Novemba 11, ikarudia tena Desemba 10 mwaka huo huo. Giza la namna hiyo huharibu ratiba, lakini si adui mkubwa wa mashine. Adui ni stima inayoyumba: inashuka taa zikafifia, inapanda ghafla, inakatika sekunde mbili na kurudi. Fyuza ya mashine ya dijitali hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 200. Stima ikikatika karatasi ikiwa katikati, karatasi hubaki imebanwa kwenye joto, na anayeivuta kwa pupa huondoka na kipande cha filamu ya fyuza. Mota ya ofseti inayotumia fezi tatu ikipoteza fezi moja huendelea kunguruma kwa muda, huku inaungua. Kifaa cha kukata stima fezi moja inapopotea ni bei ndogo mno ukilinganisha na kusuka mota upya, lakini ni kitu kisichong'aa, hakionekani na mteja, kwa hiyo hununuliwa baada ya hasara.

Wengi hukimbilia UPS ya kompyuta na kuifunga kwenye mashine ya kuchapa. Haiwezi. Mashine ya dijitali ya wastani huvuta wati 1,500 hadi 2,000 fyuza inapopashwa moto, na UPS ndogo hulia na kuzima. Kinachohitajika kwanza ni stebalaiza yenye uwezo unaoizidi mashine. Jenereta ndogo za petroli nazo zina hila: stima yake hutetemeka, na bodi za elektroniki hazisahau. Kwa mji wenye jua kama Voi ningetarajia wapiga chapa wawe wa kwanza kufunga sola yenye betri na inveta ya kilowati tano, inayotosha kompyuta, taa na mashine moja ya dijitali kumaliza kazi iliyokwisha kuanzwa. Gharama yake ni kama ya mashine moja ya ex-UK. Tofauti ni kwamba sola haiwekwi dirishani kuvutia wateja.

Hayo yote nimeyataja, na bado sijafika kwenye tatizo ninaloliona kubwa kuliko mengine. Liko kwenye kazi inayokuja baada ya kuchapa.

Tazama programu ya mazishi, kazi ambayo kila duka la chapa linaijua. Alhamisi jioni wanafamilia wanaingia na simu iliyojaa picha zilizopitishwa WhatsApp mpaka zikapoteza nusu ya ubora, na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari.

"Mama, pole sana. Picha hii ni ndogo, tukiikuza itavunjika."

"Asante mwanangu. Ndiyo hiyo tu tuliyo nayo."

Kijana anaisafisha awezavyo. Mjomba anapiga simu kutoka Mombasa kusema jina la mjukuu wa pili limekosewa, kisha anapiga tena kuongeza jina la mkwe. Saa tatu usiku kurasa 16 zimekubaliwa. Kijitabu cha kurasa 16 za A5 ni karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote. Nakala 200 ni karatasi 800, yaani kurasa 1,600 za A4. Mashine inayotoa kurasa 40 kwa dakika itamaliza kwa dakika 40, tuseme saa nzima na ubishi wake. Saa nne usiku kazi ya mashine imekwisha.

Sasa kuna vijitabu 200 vya kupangwa, kukunjwa, kupigwa pini mbili kila kimoja, na kukatwa pande tatu. Tona ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi: jalada jeusi likikunjwa bila kutiwa alama ya mkunjo kwanza hupasuka, ukatokea mstari mweupe mgongoni. Kurasa za ndani husukumwa nje na unene wa zile za nje, hivyo ukingo huwa wa ngazi ngazi mpaka ukatwe. Kwa kikatio cha mkono, kile cha kubonyeza, unakata vijitabu viwili vitatu kwa wakati, na cha juu hakilingani na cha chini. Vijana wawili watakesha. Saa kumi na moja alfajiri watakuwa wamemaliza vibaya, kwa macho mekundu, na familia itapokea vijitabu vilivyokatwa mshazari vyenye picha nzuri. Mteja haoni picha, anaona ukingo. Mara nyingine akiwa na kazi ya kifahari ataipeleka kwingine, naye atasema Voi hawana mashine.

Gilotini ya maana, yenye kibanio na kisu kirefu, hukata vijitabu 30 kwa pigo moja. Hiyo ndiyo inayotofautisha duka la chapa na saiba yenye printa. Lakini ni mashine nzito, ghali, isiyotoa picha wala rangi, na kisu chake lazima kinolewe kwa mashine maalumu, si kwa jiwe la uani. Duka moja la Voi halina kazi ya kuishibisha. Maduka sita yanayo. Ila maduka hayo sita hayazungumzi. Kila mwenye duka anaogopa kwamba akimpelekea mwenzake kazi ya kukata, mwenzake ataiona oda na kumnyang'anya mteja. Hofu hiyo si ya bure, nayo ndiyo inayolipa nauli ya maboksi ya Nairobi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo humtumia mgeni wa River Road oda nzima, na jina la mteja juu yake.

Kuhusu mafundi, mambo ni mafupi na magumu. Fundi wa mashine kubwa hukaa Nairobi au Mombasa, na kumleta ni kulipa nauli, siku, na kazi, kabla ya kuagiza kipuri. Mombasa iko kilomita 150 hivi, kwa hiyo mashine ambayo wakala wake yuko Mombasa ina thamani kuliko mashine bora ambayo fundi wake anapatikana kwa simu tu. Ningemshauri mnunuzi aulize kwanza nani ataifungua ikifa, ndipo aulize bei. Abasia za Wabenediktini za Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, ziko mbali na miji mikubwa kuliko Voi, na zimepiga chapa vitabu kwa miongo mingi. Karibu na matbaa zao zilijengwa karakana na shule za ufundi, na umeme wa maji wa kwao wenyewe. Matbaa haikuachwa peke yake. Sisi tunacho chuo cha serikali mjini, Coast Institute of Technology, na vijana wengi waliosomea umeme na elektroniki wanaopita mbele ya mashine zilizokufa kila siku. Mafunzo mafupi ya kutunza mashine za ofisi na za kuchapa, yakilipiwa na wenye maduka wenyewe, yangetoa mafundi wawili watatu wa kutosha kaunti nzima.

Fedha nazo zina mchezo wake. Kenya hununua nje karatasi yake nyingi ya kuandikia na kuchapia, hasa tangu kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye kisimame mwaka 2009, kikaja kuuzwa kwa kampuni ya Rai mwaka 2016. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, bei za karatasi na tona zilipanda nayo. Shilingi iliporudi kwenye 130, si kila bei ilirudi. Mpiga chapa hununua kwa taslimu, pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 16. Halafu mteja wake mkubwa, ambaye ni serikali ya kaunti na idara zake, hununua kwa LPO, hati ya kuagiza leo na kulipa baadaye. Sheria hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na walemavu, na maduka mengi madogo yamepata kazi kwa mlango huo. Kupata kazi ni kitu kimoja. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikionyesha kaunti za Kenya zikidaiwa na wafanyabiashara mabilioni ya shilingi, na ndani ya mabilioni hayo wamo watu waliochapa vipeperushi na fomu. Mwenye duka aliyekopa ili ainunue karatasi ya serikali, akalipwa baada ya mwaka, amechapa kazi hiyo kwa hasara hata kama bei yake ilikuwa nzuri. Mashine mbovu huharibu wiki. Deni bovu hufunga duka.

Na kazi zenyewe zinabadilika chini ya miguu yetu. Kitabu cha risiti, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ugali wa mpiga chapa wa mji mdogo, kinakufa polepole: M-Pesa ilianza kukimega mwaka 2007, na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato KRA, umekibana zaidi, kwani tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Kwa upande mwingine, mtaala wa CBC ulipoenea nchini mwaka 2019 ulileta mafuriko ya kazi za kuchapisha za wanafunzi, kurasa mbili mbili, tano tano, mpaka saiba za vijijini zikanunua printa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilifungua soko la mifuko ya karatasi yenye nembo. Kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 zitaleta mabango na fulana, na wagombea wataagiza kwa haraka na kulipa kwa ahadi. Anayechapa picha ya mgombea bila kupokea pesa kwanza ameshachangia kampeni.

Ukizipanga kazi hizi zote utaona zinazobaki mikononi mwa Voi ni zile za haraka na chache. Kalenda 5,000 zitachapwa Nairobi na si aibu. Programu ya mazishi ya kesho haiwezi kusubiri basi. Wala menyu ya hoteli ambayo wageni wake wanafika jioni, wala fomu za mtihani zilizoisha katikati ya wiki, wala bango la harusi lenye jina lililokosewa. Mteja wa kazi hizo ananunua saa zaidi ya karatasi, na saa ndiyo bidhaa pekee ambayo River Road haiwezi kuipakia kwenye basi. Duka lililojipanga kuuza saa litajali stebalaiza kuliko mashine ya pili, litajua dawa ya karatasi iliyojikunja, litakuwa na kijana anayesoma madoa, na litakuwa na mahali pa kukata na kukunja kabla hakujapambazuka.

Kwa hiyo anayepanga kufungua duka la chapa Voi, na ana pesa za mashine moja tu, ninamshauri aiache ile ya rangi dukani ilipo. Anunue gilotini, atafute chumba kisichotazama vumbi la barabara kuu, kisha awazungukie wapiga chapa wote wa mji, mmoja mmoja, na kuwaambia kwamba anakata kazi ya yeyote atakayeileta, usiku au mchana, na kwamba hana haja ya kujua mteja ni nani.